Kabla ya kumpeleka mzee mwenye gauti kliniki

Cha kwanza kuingia kwenye mkoba ni dawa zake zote, hata kabla ya kadi ya bima. Baba huziweka kwenye kopo la kahawa. Siku tulipolimwaga mezani kwa daktari, vilitoka vidonge vya presha vya kukojosha, aspirini ndogo ya moyo, na pakti mbili za diklofenaki alizojinunulia duka la dawa bila kumwambia mtu. Daktari akavitenga kama anayechambua mchele. Vile vya kukojosha na aspirini huifanya figo ibakize tindikali ya yuriki, na ikizidi hugeuka chembe kali ndani ya kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, tena usiku wa manane. Ndiyo gauti hiyo. Diklofenaki hutuliza kweli, lakini mzee mwenye presha au figo zilizochoka inaweza kumwumiza zaidi. Msimkatishe dawa wenyewe lakini. Hiyo kazi ya daktari.

Pigeni simu mapema muulize kama aende bila kula. Kipimo cha sukari mara nyingi hutaka saa nane za kufunga, maji ruksa. Na kama ana dawa za sukari, ulizeni kama azimeze asubuhi hiyo. Ombeni na kipimo cha figo, kwa kuwa gauti hupenda kuja na presha, kisukari na kitambi. Kipimo cha yuriki kikisoma kawaida wakati mguu umevimba, msishangilie. Yuriki huweza kushuka wakati wa shambulio; kipimo kirudiwe wiki mbili baadaye au zaidi.

Andikeni pia alikula na kunywa nini siku mbili kabla. Hapa wazee wetu hudanganya. Nani atakiri mbele ya mkwe kwamba Jumamosi alipitia mnadani Msalato, hapa Dodoma, akala maini, akashushia bia? Mvinyo wa zabibu zetu nao hausameheki, wala soda. Maharage yanaonewa bure, na mlenda na ugali wa uwele mwacheni ale.

Usafiri ni bajaji, siyo bodaboda. Kila shimo la barabarani hulia kwenye kidole. Viatu aviache, avae kandambili. Bebeni chupa ya maji, maana upepo wa Dodoma hukausha mtu bila jasho kuonekana, isipokuwa kama aliambiwa apunguze maji kwa ajili ya moyo au figo.

Kiungo kikiwa cha moto na mzee ana homa, msingoje tarehe ya kliniki. Huenda ni usaha ndani ya kiungo. Nendeni siku hiyohiyo.

Akiandikiwa alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki, muulizeni daktari mapema: mguu ukiuma tena afanyeje? Miezi ya mwanzo mashambulizi huweza kurudi, na hiyo si sababu ya kuiacha. Vipele vikitoka, hapo aiache na arudi hospitali haraka. Sisi hatukuuliza. Wiki ya tatu kidole kikawaka, Baba akavirudisha vidonge koponi, na kopo akalifunga.