Jedwali refu? Panga kwa ukubwa

Hili nimeligundua juzi nikihangaika na idadi ya watu wa kaunti zote 47 za Kenya, sensa ya 2019. Usiziache kaunti katika mpangilio wa namba zake rasmi. Anza na kubwa zaidi, kisha andika kwa maelfu: Nairobi 4,397, Kiambu 2,418, Nakuru 2,162, hadi Lamu 144. Tarakimu ziegemee kulia. Jicho hulinganisha vizuri likishuka chini kuliko likiruka pembeni, na namba fupi hukaa kichwani. Mistari ya gridi ifute karibu yote, inachosha tu. Ila kama msomaji anatafuta kaunti yake peke yake, mpangilio huu utamsumbua. Hapo tumia alfabeti.