Kukadiria dozi ya damu kwa mgonjwa wa iodini-131, hatua kwa hatua

Juzi kati nimekaa na mwenzangu tunahangaika na shiti yake ya eksel. Fomula iko sawa, namba zote zimeingia, lakini dozi inayotoka haieleweki. Nimeona bora niandike kabisa, maana kilichomkwamisha ndo kinachokwamisha wengi na wala hakipo kwenye fomula.

Kwa nini damu? Kwenye tiba ya saratani ya thairoidi kinachotubana ni uboho, na uboho huwezi kuupima moja kwa moja, kwa hiyo damu inasimama badala yake. Kikomo ni 2 Gy (grei, kipimo cha mionzi iliyofyonzwa) kwa damu, kimetoka kwenye kazi ya Benua na wenzake ya 1962. Kuna na kingine kinaenda nacho sambamba, saa 48 baada ya kumeza mwilini kusibaki zaidi ya 4.44 GBq (gigabekereli, kipimo cha shughuli, yaani iodini inayooza kiasi gani kwa sekunde), na kama metastasi (saratani iliyosambaa) zimetapakaa mapafuni basi 2.96 GBq.

Hatua 1: Mgonjwa na dozi ya kipimo

Apimwe akiwa kwenye hali ileile ya siku ya tiba. Kama ataacha homoni za thairoidi basi aache na sasa, kama ni TSH (homoni inayoamsha thairoidi) ya sindano basi apewe na sasa, maana wa sindano anaitoa iodini haraka zaidi na namba zake hazimhusu aliyeacha homoni. MBq (megabekereli) 10 hadi 15 za iodini zinatosha kwa kipimo. Andika saa aliyomeza, saa kamili na dakika, sio "asubuhi".

Hatua 2: Damu

Mililita 2 kwenye bomba lenye heparini, saa ya 2, 6, 24, 48 na 96. Akichelewa kuja hakuna shida, andika saa aliyotolewa kweli, sio saa iliyopangwa. Na ni damu nzima jamani, usiizungushe kwenye sentrifyuji, fomula haitaki plazma. Ikiganda itupe, utanyonya mililita moja na pipeti kumbe nusu ni kidonge kimeng'ang'ania ukutani.

Hatua 3: Mwili mzima

Kipima mionzi mita 2 au zaidi kutoka kwa mgonjwa, mbele na nyuma, toa mionzi ya mazingira, zidisha mbele kwa nyuma kisha chukua kipeuo cha pili. Kipimo cha kwanza kifanyike kabla hajaenda chooni, hiyo ndo 100% yako. Vinavyofuata aanze kukojoa. Bandika tepu sakafuni pa kusimama.

Hatua 4: Kuhesabu sampuli (hapa soma taratibu)

Iodini-131 ina nusu-uhai (muda wa kupungua hadi nusu) wa siku 8.02, yaani saa 192.5, kwa hiyo inapungua kama 0.0036 kila saa. Unachokitafuta ni shughuli iliyokuwemo kwenye mililita moja ya damu *saa ile ilipotoka mkononi*. Sio saa ya kuhesabu, na sio saa ya kumeza. Ukiielewa sentensi hiyo kazi kubwa imeisha.

Wengi tunakusanya sampuli zote tunazihesabu siku moja, tuseme saa ya 168. Ya saa 2 imekaa kwenye raki saa 166, inabidi uizidishe kwa 1.82. Ya saa 96 imekaa saa 72, unaizidisha kwa 1.30. Kila sampuli ina namba yake, na namba hiyo inatoka kwenye muda kati ya *kutolewa* na *kuhesabiwa*.

Sasa mtego, na ndo uliokuwa kwenye shiti ya mwenzangu. Standadi yake (sampuli ya kulinganishia, shughuli yake inajulikana) aliichota kwenye dozi ileile ya mgonjwa, akazihesabu pamoja na sampuli, akagawanya sampuli kwa standadi na kutumia shughuli ya standadi ya saa ya kumeza. Safi, rahisi, wala haihitaji kusahihisha kuoza, si vyote vinaoza pamoja? Ni kweli vinaoza pamoja, ila kwa njia hiyo umeshafuta kuoza kote tangu saa sifuri, kwa hiyo grafu uliyonayo ni ya mwili kuitoa iodini tu, kama vile iodini haiozi. Kuirudisha lazima uzidishe kila pointi kwa kuoza kwa saa yake ya kutolewa: ya saa 24 kwa 0.917, ya saa 96 kwa 0.708. Wakati huohuo vipimo vya mwili mzima umevisoma papo hapo mgonjwa kasimama mbele yako, hivyo kuoza kumo tayari na havitaki kuguswa. Usipoangalia unakuwa na grafu mbili za aina mbili kwenye fomula moja na eksel haitakwambia kitu.

Kwa mgonjwa anayeitoa haraka kosa hili ni dogo ndo maana watu hawalioni. Nusu-uhai ya mwilini ya saa 14 inageuka 15 na kitu, nani atashtuka. Lakini mwenye metastasi nyingi anayeshikilia iodini, saa 60 inageuka 87, na huyo ndo mgonjwa uliyemfanyia kipimo chote hiki.

Jinsi ya kujikagua: pima nusu-uhai kwenye pointi za mwisho. Ikizidi saa 192.5 kuna kitu, hakuna iodini inayoishi kuliko yenyewe. Isipokuwa tu damu ya saa 96 ikapanda kidogo kweli, maana uvimbe unaweza kurudisha protini zenye iodini kwenye damu. Hapo ongeza sampuli ya saa 144 badala ya kubishana na grafu.

Hatua 5: Muda wa kukaa

Gawanya kila thamani kwa shughuli uliyompa, chora kwenye skeli ya loga, tafuta eneo chini ya grafu, hilo ndo muda wa kukaa (τ). Kuna programu za kulipia zinafanya kwa kubonyeza, mimi sizipendi, zinakulazimishia mistari miwili ya eksponensia kwenye pointi tano na mkia unaenda unakojua wenyewe. Trapeza kati ya pointi, halafu mkia: thamani ya mwisho mara nusu-uhai ya mwisho, gawa kwa 0.693. Unaona kila kitu kwa macho yako.

Hatua 6: Fomula

Ya EANM (chama cha Ulaya cha tiba ya nyuklia), 2008:

Gy kwa GBq = 108 × τ ya mililita ya damu + (0.0188 ÷ uzito^⅔) × τ ya mwili mzima

τ zote kwa saa, uzito kwa kilo. Mfano wa kilo 64: uzito^⅔ ni 16. Damu 0.0006, mwili saa 20. Inatoka 0.065 + 0.0235, kama 0.088 Gy kwa GBq. Akipewa 7.4 GBq damu inapata kama 0.65 Gy, na 2 Gy inafikiwa karibu na 22.6 GBq. Kabla hujamwandikia daktari namba hiyo ya pili zidisha na asilimia iliyobaki saa 48, maana kikomo cha 4.44 au 2.96 kinaweza kukubana kabla ya damu.

Ukipima wakati wa tiba yenyewe

Hatua ni zilezile ila kaunta (mashine ya kuhesabu sampuli) italewa. Kwa 7.4 GBq mililita moja ya saa 2 inaweza kubeba kilobekereli 200 na zaidi, mapigo yanapandana na unahesabu pungufu. Weka sampuli kabatini siku 40, zitabaki sehemu moja ya 32, halafu hesabu. Saa za kutolewa ziandikwe kwenye tyubu yenyewe kwa kalamu isiyofutika, karatasi ya pembeni siku 40 haitaonekana.