Uzito wa Majani Mabichi Si Uzito wa Chakula: Kosa Linaloharibu Hesabu za Lishe ya Ng'ombe wa Maziwa

Hesabu ya lishe ya ng'ombe wa maziwa huharibikia kwenye mstari mmoja, nao ni ule unaouliza uzito mkavu wa majani, yaani uzito unaobaki maji yote yakiondolewa. Masika haya nimepita tena kwenye mabanda ya wafugaji wa miteremko ya Kilimanjaro waliojifunza kutumia programu za kupangia lishe, wengine kwenye simu na wengine kwenye kompyuta ya mtoto aliyeko chuo, na katika mengi ya mabanda hayo mstari huo umeachwa na tarakimu iliyowekwa na mtengenezaji wa programu, kwa kawaida asilimia 20, ilhali majani ya tembo yaliyomo horini siku hiyo yana asilimia 14 au pungufu. Wapo waliofanya kosa kubwa zaidi: wamejaza kilo za majani mabichi mahali palipoandikwa uzito mkavu, programu ikawajibu kwamba ng'ombe anapata nishati kupita mahitaji yake na hahitaji pumba wala mashudu, nao wakaviondoa siku hiyo hiyo.

Programu hizi zinaendeshwa na modeli za kitakwimu, yaani milinganyo iliyopatikana kwa kupima ng'ombe wengi, kila mmoja anakula nini na anatoa maziwa kiasi gani, kisha kutafuta uhusiano unaoeleza vipimo hivyo vizuri zaidi. Mlinganyo mmoja unaotumiwa sana ulichapishwa mwaka 2001 na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani. Unauliza mambo matatu tu: uzito wa ng'ombe, maziwa anayotoa baada ya kusawazishwa kwenye mafuta ya asilimia 4, yaani kuhesabiwa kana kwamba yana mafuta kiasi hicho, na wiki ngapi zimepita tangu azae. Kwa ng'ombe wa kilo 400 anayetoa kilo 12 za maziwa ya namna hiyo katika wiki ya 12, jibu ni kilo 12.5 za uzito mkavu kwa siku. Ng'ombe huyo huyo, kwa maziwa hayo hayo, akiwa bado katika wiki ya 2, jibu hushuka hadi kilo 8.7. Majibu haya yote yanahesabu chakula baada ya maji kuondolewa, kwa sababu maji yaliyomo kwenye majani hujaza tumbo lakini hayampi ng'ombe nishati wala protini.

Nitaeleza banda moja kwa tarakimu zake, maana hapo ndipo hasara inapoonekana. Ng'ombe alikuwa wa kilo 400, na programu ilimpangia kilo 45 za majani ya tembo pamoja na kilo 4 za mchanganyiko wa pumba za mahindi na mashudu ya alizeti. Kwa kuamini kwamba majani yana asilimia 20, programu ilihesabu kilo 9 za uzito mkavu kutoka kwenye majani na kilo 3.5 kutoka kwenye mchanganyiko, jumla kilo 12.5, nayo ikaahidi maziwa kilo 12. Ng'ombe alikuwa akitoa 9. Mwenye banda, mama mwangalifu ambaye daftari lake halina siku iliyorukwa, alikwisha kuamua kwamba pumba alizouziwa ni mbovu, na alikuwa njiani kununua nyingine. Tulipokausha sampuli ya majani yake tulipata asilimia 14. Kilo 45 zake zilikuwa na kilo 6.3 za chakula, nazo zile kilo 2.7 zilizopungua, kwa majani yenye takriban megajuli 8 za nishati (megajuli ni kipimo cha nishati) katika kila kilo kavu, ni kama megajuli 22. Kilo moja ya maziwa hudai takriban megajuli 5. Gawanya mwenyewe utaona mahali zilipopotelea kilo zake tatu za maziwa na zaidi, na utaona kwamba pumba hazikuwa na hatia yoyote.

Kosa hili hujificha kwa sababu ng'ombe aliyezaa karibuni huanza kwa kula akiba ya mwili wake, hivyo maziwa huweza kusimama pale pale kwa wiki kadhaa huku mbavu na mifupa ya nyonga ikizidi kuchomoza. Mfugaji anapoona maziwa yamepungua, chanzo chake kimekwisha sahaulika. Tena si kosa la kusema litajisawazisha, leo likizidi na kesho likipungua. Ukikosea kusoma mizani kwa nusu kilo, leo utakosea juu na kesho chini, na wastani wa wiki utakuokoa. Lakini ukiacha asilimia 20 mahali pa 14 utakuwa umekosea upande ule ule kila siku ya masika, na hakuna wingi wa siku utakaokutoa humo.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Kinachohitajika ni mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja, na sinia. Chukua majani yaliyokwisha katwakatwa vipande vya sentimita 2 hadi 3, vile vile yanavyokwenda horini. Chota kwenye sehemu sita za lundo, juu, katikati na chini, changanya kwenye mkeka safi, kisha pima gramu 200 kamili baada ya kutoa uzito wa sinia. Zipimwe ndani ya robo saa tangu majani yapite kwenye mashine au panga. Narudia jambo hili kwa ukali kwa sababu limenichosha: sampuli iliyoachwa juani tangu asubuhi hadi mume arudi na mizani haifai kitu, itupe. Vivyo hivyo usichague majani laini ya juu peke yake ukaacha mashina, wala usichukue majani uliyoyakung'uta umande ikiwa yale ya ng'ombe yanaingia horini na umande wake.

Tandaza sampuli isizidi unene wa kidole, ianike kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, usiku iingize ndani na kuifunika. Siku mbili au tatu hutosha kukiwa na jua. Pima, acha saa mbili zipite, pima tena. Tofauti ikiwa gramu moja au chini yake, imekauka. Hata hivyo majani yaliyokaushwa kwa jua hubaki na unyevu wa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo zidisha uzito uliopata kwa 0.9. Zile gramu 200 za mama yule zilishuka hadi 31, mara 0.9 ni gramu 28, na 28 katika 200 ni asilimia 14. Masika jua likikataa, tumia sinia ya bati juu ya makaa yaliyofunikwa kwa majivu mengi, ukigeuza mara kwa mara mpaka uzito usibadilike tena, na hapo usizidishe kwa 0.9 kwa kuwa moto umemaliza kazi. Kingo za majani zikigeuka kahawia, anza upya, maana umechoma chakula ukadhani umekausha maji. Fanya sampuli tatu za lundo moja na uchukue wastani wake. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 2, yaani moja ikisema 13 na nyingine 16, uchotaji wako haukuwa wa haki, rudia.

Mwezi wa Machi hadi wa Mei kipimo hiki kifanyike mara mbili kwa wiki. Kiangazi mara moja kwa wiki mbili inatosha, isipokuwa ukihamia kitalu kingine au majani yakipitiliza urefu wa mita moja, hapo upime siku hiyo hiyo. Ukishapata asilimia, gawanya kwayo uzito mkavu unaotakiwa: kilo 9 kugawanya kwa 0.14 ni kilo 64 za majani mabichi. Nimekuta daftari mbili ambamo kilo 9 zimezidishwa kwa 0.14, na ng'ombe akaandikiwa kilo moja na robo ya majani kwa siku nzima. Jibu la namna hiyo mfugaji aliyelima na kufuga miaka yote hii alipaswa kulikataa kabla ya kufunga daftari.

Mgomba ndio unaodanganya kuliko vyote. Kilo 20 za shina la mgomba, ambalo uzito wake mkavu ni kama asilimia 6, zina kilo 1.2 tu za chakula, na anayezihesabu kwa asilimia 20 anajiandikia kilo 4. Mabua ya mahindi yanayopandishwa kutoka mashamba ya tambarare hukosewa kwa upande wa pili, kwani yakikauka vizuri hufika karibu asilimia 88, na kilo 5 tu zake ni kilo 4.4 za uzito mkavu, ingawa protini yake ni ndogo sana.

Kuhusu uzito wa ng'ombe, acheni kukisia kwa macho. Pima mzingo wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, ng'ombe amesimama sawasawa kwenye sakafu tambarare, asubuhi kabla hajala wala kunywa. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Mzingo zidisha kwa mzingo, zidisha kwa urefu, vyote kwa sentimita, halafu gawanya kwa 10,840. Mzingo wa 170 na urefu wa 150 hutoa kilo 400. Tepu ikilegea kwa sentimita 4 utapata 419, kwa hiyo pima mara tatu. Maziwa yawe wastani wa siku 7, asubuhi na jioni pamoja na yale ya ndama, na asilimia ya mafuta iulizwe kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Kilo 12 zenye mafuta asilimia 3.5 huhesabiwa na mlinganyo kama kilo 11.1.

Vipimo hivi vyote vikiwa sahihi, bado limebaki jambo moja ambalo programu haiwezi kukufanyia. Milinganyo ile ilitokana kwa sehemu kubwa na ng'ombe wakubwa wa Marekani wanaolishwa chakula chenye nyuzinyuzi ngumu chache kuliko majani yetu ya tembo, na ng'ombe mwenye majani magumu tumboni hushiba kabla ya kufika kwenye kilo zilizotabiriwa. Kwa hiyo linganisha. Kwa siku 7 mfululizo pima kilichowekwa horini, na alfajiri, kabla hujaweka kingine, pima masazo. Masazo yawe kati ya asilimia 5 na 10 ya majani uliyoweka. Hori likikutwa limelambwa likang'aa, ng'ombe alilala na njaa na hujapata kipimo chochote cha uwezo wake wa kula. Yule wa kilo 400 alipoongezewa majani kidogo kidogo hadi kilo 58 alianza kusaza kilo 5, maana yake alikula 53, sawa na kilo 7.4 kavu, na pamoja na mchanganyiko akafika 10.9. Mlinganyo ulisema 12.5. Gawanya 10.9 kwa 12.5 upate 0.87, andika tarakimu hiyo mlangoni pa banda, na kila utabiri wa ulaji utakaopewa juu ya ng'ombe huyo katika msimu huo uzidishe kwayo kabla ya kupanga chochote. Maziwa yake yamepanda hadi karibu kilo 11. Pengo lililobaki halizibwi kwa kurundika majani zaidi ambayo hawezi kuyamaliza. Linazibwa kwa kukata majani yakiwa na urefu usiozidi mita moja na kuweka majani ya lukina, mti wa malisho, mahali pa sehemu ya majani ya tembo, nayo lukina ipimwe uzito mkavu kwa sinia lile lile.

Badiliko lolote la lishe litandazwe kwa siku 10 hadi 14, na siku hizo zisihesabiwe kwenye zile 7 za kulinganisha. Tumbo la ng'ombe linapozoea chakula kipya ulaji wake hupanda na kushuka, na wastani uliochukuliwa humo utakupa tarakimu ya uongo utakayoibeba msimu mzima. Ukiona masazo yametulia na maziwa ya wiki yanakaribia yale ya hesabu, umefika. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo baada ya hapo, toa sinia upime tena kabla ya kugusa kipimo cha pumba.