Mzazi akifariki: namna ya kurithi upangaji wa nyumba ya halmashauri England

Usirudishe funguo, na usisaini fomu ya kusitisha upangaji hata ukiletewa wakati wa matanga. Kama unastahili kurithi, upangaji ulihamia kwako siku ile ile mzazi alipofariki, hausubiri ridhaa ya halmashauri. Ukisaini fomu ile, unajitoa mwenyewe kwenye nyumba yako.

Kisha chimbua mkataba wa marehemu. Usipouona, iombe halmashauri nakala kwa maandishi. Tazama kwanza tarehe ya kuanza. Upangaji wa kudumu ulioanza kabla ya 1 Aprili 2012 unaweza kurithiwa na mtoto, mradi aliishi na mzazi miezi 12 mfululizo hadi siku ya kifo na nyumba hiyo ilikuwa makazi yake makuu. Mlihamia hapo pamoja ndani ya mwaka huo? Miezi mliyokaa pamoja kwingine nayo inahesabiwa. Ulioanza tarehe hiyo au baadaye, sheria inamtambua mke, mume au mwenzi tu; mtoto hutegemea kifungu cha ziada mkatabani, kwa hiyo usome hadi ukurasa wa mwisho. Mashirika ya nyumba nayo yatazamwe hivyo hivyo: mara nyingi mkataba ndio unaoamua. Scotland na Wales wana sheria zao.

Urithi ni wa mara moja. Kama baba na mama walikuwa wapangaji wa pamoja, baba akatangulia na mama akabaki peke yake, mara hiyo imeshatumika. Inauma, na wengi huligundua hili baada ya msiba wa pili.

Panapoharibika zaidi ni kwenye ushahidi. Kusanya barua za benki, daktari na mwajiri zenye jina lako na anwani hiyo, zikiwa zimesambaa mwaka mzima, pamoja na daftari la wapiga kura. Halmashauri nayo hufungua mafaili yake. Mzazi aliyekuwa akipata punguzo la asilimia 25 la ushuru wa halmashauri kama mtu anayeishi peke yake ameacha rekodi inayosema wewe hukuwepo. Ikiwa ulikuwepo, kiri kosa la punguzo, toa uthibitisho wako na usibuni maelezo. Mwanafunzi aliyekuwa bwenini hapotezi haki kwa hilo tu, alimradi aonyeshe kwamba nyumbani kwake palibaki pale.

Andika barua ya kudai urithi, ambatisha cheti cha kifo, na ubaki na nakala. Mkiwa ndugu wawili mnaostahili, kubalianeni jina moja. Mkishindwa, halmashauri ndiyo itakayochagua.

Endelea kulipa kila wiki, hata malipo yakiandikwa kuwa ya matumizi ya nyumba badala ya kodi ya pango. Msaada wa pango wa mzazi hukoma, hivyo omba Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, mapema. Deni aliloliacha hulipwa kutoka mali yake, lakini uliza kama kulikuwa na amri ya mahakama ya kuirudisha nyumba kwa halmashauri.

Nyumba ikiwa kubwa kuliko mahitaji yako, halmashauri inaweza kutoa notisi kati ya mwezi wa 6 na wa 12 baada ya kifo, ikitaka uhamie nyumba nyingine inayokufaa. Mahakama hutazama umri wako, muda uliokaa hapo na msaada uliompa marehemu, kwa hiyo tunza karatasi zote za kumuuguza.

Kama mzazi bado yu hai lakini anahamia nyumba ya wazee bila kurudi, usisubiri kifo: akishahama, hapatakuwa na cha kurithi. Anaweza kukuhamishia upangaji kwa hati rasmi akiwa bado anaishi hapo, kama ungestahili kumrithi. Tafuta mwanasheria wa makazi wiki hiyo hiyo.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi na uzipeleke Shelter au Citizens Advice, mashirika yanayotoa ushauri bure. Notisi ya kuhama peke yake haikutoi ndani. Mwenye nyumba lazima apate amri ya mahakama.