SOMO: Kupanga viungo vya haipamidia (someni kabla ya kuniuliza)

Wakuu, haipamidia ni maandishi, picha na sauti vilivyounganishwa kwa viungo vya kubofya. Wiki hii nimeulizwa mara nne "nianze na programu gani?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha huku.

1. Orodhesha maswali ambayo msomaji atakuja nayo. Kumi yanatosha.

2. Katakata maudhui: kipande kimoja, jambo moja. Kikianza na "kama tulivyoona hapo juu", bado hujakikata. Aliyeingia kwa kiungo hana "hapo juu".

3. Chora ramani ya vipande na viungo kati yake. Kwenye karatasi.

4. Vipe vipande na aya majina ya kudumu. Hapa ndipo nilipoumia. Kwenye mwongozo wangu wa kwanza aya niliziita aya-1, aya-2, mpaka aya-40, na programu ilikuwa inazihesabu yenyewe, raha mustarehe. Siku moja nikaongeza utangulizi wa mistari miwili juu kabisa. Aya zote zikasogea hatua moja, viungo vikabaki na namba zilezile. Aliyebofya "kurejesha faili" akawa anatua kwenye "kufuta faili". Kosa halikuonekana popote, maana kiungo kilifanya kazi. Kilifikisha watu, ila nyumba ya jirani. Kiungo kilichokufa hupiga kelele, ile 404 ya "ukurasa haupatikani" unaiona. Kilichopotoka hukaa kimya. Nilijua baada ya mtu kulalamika kwamba kazi yake imefutika.

Kwa hiyo aya iite kwa maana yake: kurejesha-faili. USITUMIE namba, tarehe wala jina la folda. Jina likishatoka hadharani usiliguse. Ukilazimika kubadili jina la ukurasa, acha kwenye anwani ya zamani uelekezaji wa kudumu, ule wa 301, unaompeleka msomaji kwenye mpya.

5. Weka viungo. Maneno ya kiungo yaseme kinakoenda. "Bofya hapa" hapana.

6. Mpe mtu mgeni swali moja la hatua ya 1, kaa nyuma yake, funga mdomo.

MASWALI

Haraka_Haraka: Somo zuri mkuu. Sasa nitumie programu gani?

Mleta somo: Mstari wa kwanza.

Haraka_Haraka: Nimeusoma, hujajibu.

Mleta somo: Kwa makusudi. Yoyote inayokuruhusu kuweka majina yako mwenyewe ya aya. Ungefika hatua ya 4 ungejua.

Mchoraji: Kwa nini wavuti wenyewe usijue ukurasa umehama, ukarekebisha viungo?

Mleta somo: Hilo ndilo swali. Ted Nelson, aliyelitoa neno haipateksti (maandishi yenye viungo) kwenye andiko lake la 1965, alitaka viungo vya pande mbili, ukurasa ujue nani anauelekea. Wavuti aliopendekeza Tim Berners-Lee pale CERN, maabara ya fizikia kule Uswisi, mwaka 1989 ukaja na viungo vya upande mmoja: unamuunganisha yeyote bila kumwomba, hakuna daftari kuu. Urahisi huo uliusaidia kuenea, na 404 ndiyo bei yake. Mfumo wa Microcosm wa Chuo Kikuu cha Southampton ulitunza viungo kando, nje ya nyaraka. Mimi naiga kimaskini: jedwali lenye safu tatu, kutoka, kwenda, sababu. Nikishindwa kujaza sababu, kiungo nakifuta.

Kalamu Kavu: Mimi nimeunganisha kila neno gumu, wasomaji wanasema wanapotea.

Mleta somo: Jeff Conklin, mtafiti wa haipateksti, alitaja matatizo mawili mwaka 1987: kupotea njia, na mzigo wa kichwani wa kuamua uende wapi. Kila kiungo kinamsimamisha msomaji ajiulize. Neno gumu lieleze palepale kwa maneno matano, kiungo kifute.

Haraka_Haraka: Wakuu msaada, nimebadilisha majina ya folda, viungo vyote vimekufa!!

Mleta somo: Hatua ya 4.

Mchoraji: Nyongeza: msiondoe rangi tofauti ya viungo vilivyokwisha kutembelewa. Ndiyo inayomwonyesha mtu alikopita.

Mleta somo: Hiyo nilisahau, asante. Naichomeka ndani ya hatua ya 5. Hatua mpya siongezi, watu wameshaanza kuzitaja kwa namba.