Namna ya kusoma jina la asidi ya foliki kwenye pakiti na kidonge

Anayetaka kulielewa jina hili na aanze na jani. Asidi ya foliki imeitwa hivyo kutokana na neno la Kilatini folium, yaani jani, kwa kuwa mwaka 1941 watafiti wa Marekani waliipata katika majani ya spinachi. Miaka kumi kabla ya hapo, huko Bombay, daktari Mwingereza Lucy Wills alikuwa ameshaona wajawazito wenye upungufu wa damu wakipata nafuu kwa dondoo ya hamira, ila kilichowaponya hakikuwa na jina bado.

Vitamini B9 ni jina la jumla la foleti na asidi ya foliki. Foleti ni ile iliyomo katika chakula chenyewe, kama mchicha, maharage na maini, ilhali asidi ya foliki hutengenezwa kiwandani na kutiwa katika vidonge na katika unga ulioongezwa virutubishi, kwa hiyo jina la jani limeangukia kitu kisichotoka jani lolote. Mwili huinyonya ya kiwandani kwa urahisi zaidi. Ya mchicha huyeyukia majini, na anayechemsha mboga kisha akamwaga maji humwaga sehemu yake.

Baada ya jina, soma kiasi, maana hapo ndipo penye hatari. Shirika la Afya Duniani humpendekezea mjamzito mikrogramu 400 kwa siku, ambazo pakiti nyingine huziandika 0.4 mg. Kidonge cha 5 mg hubeba jina lilelile, lakini ni zaidi ya mara kumi na mbili ya kiasi hicho, na mjamzito anayepewa SP (sulfadoxine na pyrimethamine) kliniki kujikinga na malaria hapaswi kukitumia bila ushauri, kwa sababu dozi kubwa hivyo huidhoofisha SP.

Mitaani tunasema tu "vidonge vya damu", jina linaloficha nusu ya kazi. Mfereji wa neva wa mtoto, yaani ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, mara nyingi mama hajajua kama ana mimba, na asidi ya foliki hupunguza uwezekano wa mgongo wazi ikiwa imeanza kutumika mapema. Kwa hiyo anayepanga kubeba mimba, afikapo duka la dawa, aitaje asidi ya foliki kwa jina lake na kwa mikrogramu zake, kwani akiomba vya damu anaweza kupewa vyenye madini ya chuma peke yake.