Kufufua shamba dogo la majani ya kukausha kwa rotaveta: utaratibu wa Lubumbashi na vijiji vya karibu

Shamba la majani likichoka utalijua kwa macho. Majani mazuri yamebaki mafungu mafungu, katikati udongo uko wazi, magugu yanayotambaa, Imperata na Cynodon, yameshika nafasi, na unachofunga wakati wa mavuno ni mabua magumu ambayo ng'ombe anayachambua na kuyaacha. Wengi wetu hungoja mvua ya Novemba, wanaita trakta, wanasaga kila kitu kwa siku moja na kumwaga mbegu hapo hapo. Januari haijaisha, Imperata imerudi, tena nene kuliko mwanzo. Sababu ni hii: visu vya rotaveta, ile mashini ya kusaga udongo inayofungwa nyuma ya trakta, vinakata mizizi inayotambaa vipande vipande, na kila kipande chenye fundo kikikuta udongo una unyevu kinakuwa mche mpya. Rotaveta haiui majani mabaya. Inayaleta juu, na jua la kiangazi ndilo linayaua. Kwa hiyo kazi inaanza mwisho wa Aprili, mvua zikikatika, na mbegu inaingia mwisho wa Novemba.

Vipimo vyote hapa ni vya nusu hekta, rotaveta ya upana wa mita 1.25 na trakta ya nguvu za farasi 35 hadi 40. Rotaveta ya mita 1.5 inataka 45. Hakikisha upana wake unafunika alama za pine za nyuma, la sivyo unaacha mistari iliyokanyagwa ambayo mbegu haitaota vizuri.

Hatua ya 1: Kutayarisha mashini

Kardani, ule mhimili unaopeleka nguvu ya trakta kwenye rotaveta, ndiyo inaharibika kwanza. Ikiwa imenyooka mpaka mwisho, mirija yake miwili lazima iwe bado imeingiliana angalau theluthi moja. Ikiwa fupi kabisa, iache nafasi ya sentimita 2 au 3, maana ikigonga inavunja giaboksi ya trakta au ya rotaveta. Isizunguke bila kifuniko chake cha plastiki: nguo ikishikwa, mkono unakwenda nayo.

Rotaveta iliyokaa miezi bila kazi, diski za klachi yake zinashikana kwa kutu. Hapo klachi haitelezi tena rotaveta inapogonga kisiki, na nguvu yote inaenda kwenye gia. Pima urefu wa springi, legeza nati zote, zungusha kidogo diski ziachane, kisha kaza mpaka springi zirudi kwenye urefu ule ule. Kama mashini yako inatumia buloni ya kukatika, weka ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu chake, kwa kawaida 8.8. Buloni ngumu zaidi haikatiki, na kinachovunjika badala yake kina bei kubwa sana.

Mafuta ya giaboksi ni SAE 90. Grisi kwenye misalaba ya kardani kila saa 8. Buloni za visu zikazwe tena baada ya saa ya kwanza ya kazi, kila mara.

Hatua ya 2: Kusafisha uwanja

Fyeka majani mpaka sentimita 5 na uyaondoe yote. Yakibaki marefu yanajizungusha kwenye rota, na utatumia nusu siku kuyakata kwa kisu. Tembea shamba zima ukiweka alama kwenye visiki, mawe na vichuguu.

Hatua ya 3: Mpito wa kwanza, mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei

Chimba kidogo, shika udongo wa sentimita 5 chini. Ukifinyangika kama udongo wa matofali, ngoja siku chache. Ukipasuka vipande ukiubonyeza, ingia.

Kina ni sentimita 5 tu. Rekebisha vile vyuma viwili vya pembeni vinavyoteleza juu ya ardhi, usitegemee mkono wa haidroliki. Mhimili wa nyuma ya trakta unaozungusha kardani uzunguke mara 540 kwa dakika, gia ya chini kabisa, mwendo wa kilomita 2 kwa saa. Mfuniko wa nyuma uinuliwe, kwa sababu hapa tunataka mabonge yenye mizizi yarushwe juu yakauke, hatutaki unga. Mistari ipandane sentimita 10. Ukifika mwisho, inua rotaveta kabla ya kukata kona, sentimita 30 zinatosha, na punguza mzunguko: kardani iliyopinda sana huku inazunguka kwa nguvu inapasua misalaba. Ruka mstari mmoja ili upate nafasi ya kugeuza. Kwa nusu hekta, mpito mmoja unachukua karibu saa tatu.

Hatua ya 4: Chokaa na mpito wa pili

Baada ya wiki mbili au tatu mizizi ya juu imekauka na inavunjika kwa vidole. Udongo wetu mwekundu ni mchachu, na majani ya kupandwa yakikosa chokaa yanaanza vizuri kisha yanasimama. Mwaga tani moja ya mawe ya chokaa yaliyosagwa, yaani mifuko 20 ya kilo 50, sawa na gramu 200 kwa kila mita ya mraba. Ulizia ile ya Kakontwe, upande wa Likasi. Chokaa ya kujengea ni kali zaidi kwa kilo na inachoma macho na ngozi. Usiitumie kwa kipimo hiki.

Sasa ingia sentimita 10 hadi 12. Ukiona mizizi myeupe bado mibichi, rudia baada ya wiki tatu. Usisubiri Agosti: udongo unakuwa mgumu kama sakafu na visu vinaisha bure.

Hatua ya 5: Kudanganya mbegu za magugu

Mvua za kwanza zikinyesha, usipande. Acha magugu yaote wiki mbili, kisha pita sentimita 3 tu, mfuniko wa nyuma ukiwa chini usawazishe. Ukienda chini zaidi unaleta mbegu nyingine juu na kazi inaanza upya.

Hatua ya 6: Kushindilia na kupanda

Hapa ndipo mashamba mengi yanapotea, hata yale yaliyolimwa vizuri. Rotaveta inaacha udongo laini wenye hewa nyingi. Mbegu ndogo inazama, au inaota na mzizi unakuta hewa mahali pa unyevu, na jua la siku tatu linamaliza. Pipa la lita 200 lililojaa maji, lenye ekseli ya bomba katikati, likivutwa mara mbili linatosha. Kanyaga kwa kisigino: kikizama zaidi ya sentimita moja na nusu, shindilia tena.

Mbegu: Chloris gayana kilo 4 au 5, au Brachiaria ruziziensis kiasi hicho hicho. Ile ya Chloris ni nyepesi mno, ichanganye na mchanga mkavu, gawa mara mbili, nusu ukitembea kwa urefu na nusu kwa upana. Isifunikwe zaidi ya sentimita moja. Brachiaria inavumilia mbili. Buruta matawi juu, pitisha pipa tena. Mbolea ya NPK 10-20-10, mfuko mmoja wa kilo 50 siku ya kupanda, na urea kilo 25 baada ya wiki tano, udongo ukiwa na unyevu.

Maswali ya wanachama

*Jambo yaya. Rotaveta yangu inaruka-ruka juu, haiingii. Nimeongeza mawe juu yake, bado.* (Kipushi)

Jambo ndugu. Toa mawe, yanaumiza fremu. Angalia visu kwanza: makali ndiyo yatangulie kugusa udongo. Watu wakibadilisha visu wanachanganya vya kushoto na vya kulia, na kisu kinapiga kwa mgongo. Kama viko sawa, basi udongo umekauka mno au unaenda mbio. Na fahamu kwamba rota inayozunguka upande wa magurudumu inaisukuma trakta mbele. Kwenye mteremko usikanyage klachi ya mwendo rota ikiwa bado ardhini.

*Baba, naweza kupiga dawa kwanza, nipunguze mazutu (dizeli)?* (barabara ya Kasenga)

Ndiyo mama, lakini wakati wake ni Machi, Imperata ikiwa kijani na inakua. Glifosati ya gramu 360 kwa lita, lita 2 hadi 3 kwa nusu hekta, siku isiyo na mvua, ukiwa na glavu na buti. Ngoja wiki tatu kabla ya rotaveta, ili dawa ishuke mpaka kwenye mizizi. Ukipiga Julai majani yamelala, unatupa pesa.

*Vichuguu je? Nina viwili vikubwa katikati.* (Kasapa)

Usipite juu yake na rotaveta. Trakta inaweza kupinduka, na udongo wake mkavu unavunja visu. Vizunguke. Kile kidogo kisichoishi mchwa tena, kichimbue kwa sururu na utawanye udongo wake shambani: kwa kawaida una kalisi nyingi na uchachu mdogo kuliko udongo wa pembeni.

*Maji yanasimama juu ya shamba tangu tulime kwa rotaveta miaka mitatu mfululizo.*

Visu vimepiga kina kile kile kila mwaka na kutengeneza tabaka gumu chini yake. Chimba kwa beleshi sentimita 25: ukikuta mizizi inageuka na kutambaa kwa ubavu, ndilo hilo. Linapasuliwa kwa jino refu la trakta wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Rotaveta haiwezi kulitoa.

*Kiwanja changu kiko upande wa Penga-Penga. Nikilima kina kirefu majani yatakubali?*

Hapana papa. Udongo wa huko ulipokea moshi wa kiwanda cha shaba kwa miaka mingi, na rotaveta inachanganya tu zile metali, haiziondoi. Hata majani yakiota, vumbi la udongo linashikamana nayo na mifugo inalila. Tafuta kiwanja kingine cha malisho.